CD ya Mama Kwenye Shamba la Ulezi

Baridi ya mwezi wa sita ikiingia Matogoro haina adabu. Inapita chini ya mlango, inakupanda miguuni, na bado mama atakuita ukafagie uwanja. Noela alikuwa akifagia. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, mwanafunzi wa darasa la saba aliyekuwa likizo, na asubuhi hiyo ya Jumanne alisukuma ufagio kwa hasira mpaka vumbi likamrudia usoni.

"We Noela! Unafagia au unapigana?" mama yake, Asumpta, alimkemea kutoka jikoni. "Maliza tuondoke. Daktari hatanisubiri mimi."

"Namaliza, mama."

"Flashi umeitia kwenye mkoba?"

"Ndiyo, mama. Imo."

Noela alijibu bila kuinua uso. Mdogo wake Erasmus, mwenye miaka kumi, alikuwa anarudi kutoka kwenye shamba la ulezi nyuma ya nyumba, suruali imelowa umande hadi magotini. Likizo ile kazi yake ilikuwa kuamia ndege, na alikuwa anaimba. Noela alimtazama akatamani kumfokea, ingawa mtoto wa watu hakuwa amemkosea kitu.

Safari ya hospitali siku hiyo haikuwa ya mchezo. Miaka miwili iliyopita mama yao alisumbuliwa na kichwa, akapelekwa hospitali kubwa nje ya mkoa, akapigwa picha za kichwa. Madaktari waliona uvimbe mdogo nyuma ya jicho la kulia. Walimpa dawa, wakampa na picha zake kwenye CD, wakamwambia, "Itunze hii. Siku ukipigwa picha nyingine, daktari lazima azilinganishe, aone kama uvimbe unakua." Sasa madaktari bingwa walikuwa wamekuja Songea kwa siku nne tu, na kesho yake asubuhi wangeondoka. Picha mpya mama alikuwa ameshapigwa. Zilihitajika zile za zamani.

Na hapa ndipo penye kuudhi. Mwaka uliopita mama alinunua flashi mpya, akampa Noela pamoja na ile CD. "Wewe ndiye mjuzi wa kompyuta hapa nyumbani," alimwambia. "Nihamishie picha zangu humu. Naambiwa CD zinapitwa na wakati." Noela alikwenda navyo shuleni kifua mbele. Akaizunguka kompyuta upande huu, akaizunguka upande ule, akitafuta mahali pa kuingizia CD, wapi! Kompyuta zilikuwa mpya na hazikuwa na mlango wa CD. Angeweza kumuuliza mwalimu. Angeweza kurudi nyumbani akasema, "Mama, nimeshindwa." Lakini Noela aliyekuwa akiwacheka wenzake wasiojua kushika kipanya, angekubali kuchekwa yeye? Alirudi akasema, "Tayari, mama." Baadaye akaichukua ile flashi kimyakimya, akaijaza nyimbo.

Uongo ule pengine ungelala, ila msimu wa ulezi ulifika. Wiki moja nyuma ndege walipovamia shamba, mama alimtolea Erasmus boksi zima la CD za zamani, za harusi, za kwaya na za filamu. Watu wengi huzitundika mashambani. Upepo ukizizungusha zinametameta, na ndege wanaogopa kutua. "Na hii yangu ya hospitali ibebe," mama alisema. "Si picha zimeshahamia kwenye flashi?" Noela alikuwa amekaa hapohapo anamenya viazi. Alisikia kila neno, akafumba mdomo, akaendelea kumenya.

Hospitalini watu walikuwa wamefurika, wengine wametoka Namtumbo, wengine Mbinga, wengine wamelala njiani kutoka Tunduru. Madaktari waliwekewa meza chini ya hema uwanjani, na mabenchi ya wagonjwa yalikuwa karibu kiasi kwamba kila linalosemwa mezani linasikika. Saa nne na nusu mama aliitwa. Watoto wakamfuata.

Daktari, kijana mwembamba mwenye miwani, aliichomeka flashi kwenye kompyuta mpakato yake. Akatazama. Akakunja uso.

"Mama, humu kuna nyimbo arobaini na mbili. Picha hakuna."

"Angalia vizuri, daktari. Mwanangu alizihamisha."

"Nimeangalia, mama yangu. Ni nyimbo tupu."

Mtu mmoja kwenye benchi alicheka. Mama alimgeukia Noela, na Noela akaona macho ya benchi zima yamemwelekea. Ulimi ukakimbia kabla ya akili.

"Ni Erasmus! Alikwenda nayo kwa wale wanaorusha nyimbo. Watakuwa wamefuta kila kitu ili nyimbo zienee!"

Lilikuwa jambo la kuaminika, na ubaya wake ulikuwa hapo. Nani hajui vibanda vya kurusha nyimbo? Mtoto anapeleka flashi na shilingi zake mbili tatu, kijana wa kibanda anafuta bila kuuliza, anajaza nyimbo, kazi imekwisha.

"Mama, mimi sija..." Erasmus alianza.

Kofi likamkatiza. "Nyamaza! Uhai wangu unaubadilisha na nyimbo?" Mama aliinua mkono tena.

"Watoto wa siku hizi!" mzee mmoja alisonya kwenye benchi. Mama mwingine akasema mtoto kama huyo anyimwe chakula siku mbili. Erasmus hakulia. Alishika shavu lake, akamkazia dada yake macho, na Noela akageukia kwingine.

"Usimpige, mama, haitasaidia," daktari alisema. "Ile CD yenyewe iko wapi?"

"Tuliwapa ndege," mama alijibu kwa uchungu.

Daktari hakuelewa, naye hakuwa na muda wa kuelewa. "Hata ingekuwepo, kompyuta zetu hapa hazina tena mlango wa CD. Na tukiomba nakala kule ulikopigwa picha, itachukua siku kadhaa, mimi kesho sipo. Nikueleze ukweli. Kama uvimbe umetulia, utaendelea na dawa. Kama unakua, unahitaji upasuaji mapema kabla jicho halijaharibika. Bila picha za zamani siwezi kujua. Nipo hapa mpaka saa kumi jioni."

Nesi aliyekuwa akiita majina aliinama akamnong'oneza mama, "Nenda Msamala, muulizie Mzee Azizi mwenye steshenari. Anafufua mafaili yaliyofutwa."

Mzee Azizi walimkuta anagombana na mashine yake ya fotokopi. Alikuwa mtu wa miaka sitini na kitu, kofia imekaa upande, na alikuwa amefanya kazi ya kompyuta tangu siku ambazo Songea nzima kompyuta zilihesabika kwa vidole.

"Shikamoo, mzee," watoto walisema.

"Marahaba. Semeni shida. Maneno mengi baadaye."

Mama alieleza. Mzee Azizi aliichukua flashi, akaichomeka, akafungua programu. "Kama zilifutwa, huenda zikarudi. Ukifuta faili, kinachoondoka kwanza ni jina lake. Lenyewe hubaki mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Tuombe Mungu." Kwenye kioo mstari mwembamba wa kijani ukaanza kutambaa. Asilimia moja. Asilimia mbili.

Uso wa mama ulipata nuru. Noela aliuona uso ule, akayahamishia macho kwenye ule mstari.

"Hii ndiyo nchi yetu!" Mzee Azizi alianza kufoka, akavuta droo kwa nguvu. Alitoa kipande cheusi cha plastiki, bapa, cha mraba. "Mnakijua hiki?"

"Disketi," Noela alijibu kwa sauti ndogo. "Tumeiona kitabuni."

"Kitabuni! Mimi nilizibeba mfukoni, binti. Na kabla ya hizi kulikuwa na nyingine, kubwa kama sahani, laini, ukizikunja umezimaliza. Wimbo mmoja wa siku hizi unataka disketi tatu! Ripoti ya ofisi tuligawanya kwenye disketi sita, ya nne ikiharibika, mwanaume mzima unalia. Zikaja CD. CD moja inameza disketi karibu mia tano. Watu wakashangilia, disketi zote jalalani, hakuna aliyehamisha kilichomo. Zikaja flashi. Flashi hii ya mama yako, ndogo kama kidole, inameza CD zaidi ya arobaini. Wakashangilia tena, CD zote jalalani! Sasa wanashangilia kuweka vitu mtandaoni. Mimi siwakatazi kushangilia. Lakini mtu akihama nyumba, si anatoa kwanza vyombo ndipo anabomoa? Nyie mnabomoa vyombo vikiwa ndani, halafu mnamlilia Azizi!"

"Itachukua muda gani, mzee?" mama aliuliza.

"Kompyuta yangu ni mzee kama mimi. Saa tatu. Labda nne."

Saa ya ukutani ilionyesha saa sita na nusu. Mama aliangalia saa, akaangalia ule mstari wa kijani, akaanza kuhesabu kwa vidole. Kichwa kilikuwa kinamuuma. Alijifunga kanga kichwani kwa kukaza, akalifumba jicho la kulia. Erasmus alikaa mlangoni, amewapa kisogo wote.

Asilimia saba. Asilimia nane.

Noela alikasirika. Alimkasirikia mzee kwa kupiga kelele, akamkasirikia Erasmus kwa kisogo chake, akamkasirikia daktari, na kompyuta zisizo na milango, na ndege wa ulezi. Aliwakasirikia wote mmoja mmoja, na alipowamaliza akabaki peke yake. Ule mstari ulikuwa unatafuta kitu ambacho hakikuwahi kuwekwa. Ungetambaa mpaka asilimia mia moja usikipate, na saa kumi ingekuwa imepita. Wakati huohuo picha za mama zilikuwa zinazunguka na upepo Matogoro. Akinyamaza tena, uongo wake ungemnyima mama daktari.

"Mzee, zima," alisema.

"Unasemaje?"

"Zima. Hakuna kitu humo. Hakijawahi kuwemo." Akamgeukia mama yake. "Mama, sikuhamisha. Kompyuta za shuleni hazikuwa na mlango wa CD, nikaona aibu kusema. Nyimbo niliziweka mimi. Erasmus hajagusa flashi. Nilidanganya mwaka jana, na leo nimedanganya tena."

Mama aliinuka kutoka kwenye stuli. Noela akakinga uso kwa mikono, maana alijua hilo kofi ni halali yake. Halikuja.

"Mwaka mzima," mama alisema taratibu. "Mwaka mzima nalala usingizi, najua picha zangu ziko salama. Nikampa mdogo wako boksi mbele ya macho yako, ukanitazama nikiitoa CD yangu itupwe shambani. Noela, ungeniacha nipofuke ili usionekane hujui kompyuta?"

Noela alilia. Hakuna aliyembembeleza, na ilikuwa haki.

Mzee Azizi aling'oa flashi. "Wanasema njia ya mwongo fupi. Yako imetuzungusha Songea nzima! CD iko wapi?"

"Shambani. Inafukuza ndege."

"Astaghfirullah!" Mzee alijishika kichwa. Kisha akaenda kona ya duka, akafunua kitambaa kilichojaa vumbi. Chini yake kulikuwa na kompyuta ya kijivu, nene, yenye mlango wa CD mbele. "Wanangu wananiambia kila siku niitupe. Haya, ileteni hiyo CD! Na msiifute kwa nguo! Ileteni hivyohivyo na uchafu wake."

"CD ziko nyingi," mama alisema. "Mtaijuaje?"

Erasmus akageuka kwa mara ya kwanza. "Mimi naijua. Niliifunga katikati ya shamba, kwenye kijiti kirefu kuliko vyote. Ilikuwa na jina lako, mama."

Mama alifumba mdomo kwa kiganja. Kisha akamwita bodaboda aliyekuwa ng'ambo ya barabara.

Walikwenda mishikaki, watatu kwenye pikipiki moja, dereva mbele, Erasmus katikati, Noela nyuma. Shambani CD zilikuwa zinametameta kila upande. Erasmus alipita katikati ya ulezi moja kwa moja, akaking'oa kile kijiti kirefu, akakata kamba kwa meno. Jina la mama lilikuwa limefifia lakini lilisomeka. Kulikuwa na vumbi, kinyesi cha ndege, na michubuko upande unaong'aa.

Noela alinyoosha mkono. "Niibebe mimi, wewe utaanguka nayo."

"Usiiguse!" Erasmus alifoka mpaka dereva wa bodaboda akageuka. "Wewe huaminiki." Akaibeba yeye, ameishika kwa ukingo, mpaka Msamala.

Mzee Azizi aliiosha kwa maji na tone la sabuni, akaifuta kwa kitambaa laini, kila mara kutoka katikati kwenda nje. Kompyuta ya kijivu ilipoimeza ilikohoa, ikanguruma, ikaitema. Akaifuta tena. Ikaimeza, ikanguruma muda mrefu zaidi, ikaitema tena. Saa ilikuwa nane na robo. "Usinifanyie hivyo mbele ya wageni!" mzee aliikemea kompyuta. Mara ya tatu ilinguruma, ikatulia, na picha za kichwa cha mama zikajipanga kwenye kioo, nyeusi na nyeupe.

Mafaili mawili yaligoma kabisa. Mengine yote yalihamia. Mzee Azizi aliyaweka kwenye flashi ya mama, akaweka nakala nyingine kwenye flashi yake, na nyingine akamtumia mama kwenye simu. "Kitu kikiwa mahali pamoja tu, hesabu kwamba huna," alisema kwa ukali. Noela alitikisa kichwa kukubali.

Saa tisa na dakika ishirini walikuwa hemani. Daktari aliziweka picha za zamani upande mmoja na mpya upande mwingine. Akapima, akapima tena. Mama alishika ukingo wa meza.

"Umekua," daktari alisema. "Si sana, lakini umekua. Kwa picha mpya peke yake ningekuambia uendelee na dawa, urudi mwakani, na mwakani pengine jicho lingekuwa limeshaathirika. Sasa nakuandikia rufaa ya upasuaji ndani ya mwezi huu. Bado ni mdogo na mahali pake panafikika. Tumewahi, mama."

Mama alipumua kwa nguvu, akaipokea barua ya rufaa kwa mikono miwili, akaikunja vizuri. Noela alidhani sasa wataondoka. Lakini mama alisimama mbele ya yale mabenchi. Wengi wa asubuhi walikuwa bado wanasubiri zamu, yule mzee aliyesonya pia.

"Noela," mama alisema. "Asubuhi ulimchafulia jina mdogo wako mbele ya watu hawa. Huwezi kumsafishia nyumbani, gizani, tukiwa watatu. Msafishie hapahapa."

Noela angetoa chochote asiseme. Akasimama wima.

"Shikamooni. Asubuhi nilisema mdogo wangu ndiye aliyefuta picha za mama. Nilisema uongo. Sikuwa nimezihamisha, na nyimbo ni zangu. Erasmus hana kosa. Ndiye aliyejua CD ilipo." Akamgeukia. "Nisamehe, Erasmus."

Yule mzee alitazama chini.

Mama naye akachuchumaa mbele ya mwanawe, uso kwa uso. "Na mimi nilikupiga kabla ya kukuuliza. Nisamehe, baba."

Erasmus aliutazama uso wa mama, kisha uso wa dada yake. Hasira ilikuwa bado imejaa machoni.

"Wewe nimekusamehe, mama," alisema. "Dada, bado."

"Erasmus, lakini nimekiri mbele ya..." Noela alianza.

"Mwache!" Mama aliinuka. "Ana haki ya hasira yake, usimnyang'anye na hiyo. Kutojua hakukuwa kosa, Noela. Ungesema 'nimeshindwa' siku ile, ningecheka, tungetafuta mwenye mlango wa CD, ikaisha. Uongo uliusema kwa neno moja. Kuaminiwa tena hakuna neno lake. Kutakuchukua siku nyingi, na kila siku utakuwa unaanza wewe, si yeye."

Noela aliitikia, "Ndiyo, mama." Wakatoka nje ya geti, Erasmus ametangulia, ameushika mkono wa mama, na Noela nyuma yao amebeba mkoba. Hakuna aliyegeuka kumtazama. Aliongeza hatua, akawafuata.